Programu za saratani ya ini zipimwe kwanza kwa wagonjwa wetu

Ndugu Mhariri,

Nafurahi kusikia madaktari wakizungumzia akili mnemba katika kusoma picha za ini. Programu hizi zinaweza kuonyesha uvimbe mdogo kwenye picha ya ultrasaundi au CT skani ambao jicho lililochoka lingeupita. Kwa ugonjwa unaojificha hadi mgonjwa akonde na tumbo lijae maji, hilo si jambo dogo.

Lakini programu hujifunza kutokana na picha ilizopewa, na nyingi zimetoka Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Ulaya na Marekani wagonjwa wengi ni wazee ambao ini limeharibiwa na pombe, unene au homa ya ini C. Kwetu chanzo kikubwa ni homa ya ini B, pamoja na sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wagonjwa wetu wengi bado ni watu wa makamo, hata vijana. Naiomba Wizara ya Afya isiruhusu programu yoyote kabla haijajaribiwa kwa wagonjwa wa hapa.

Tena, picha zenyewe zitoke wapi? Mwenye homa ya ini B aliye hatarini anatakiwa kupigwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, na wengi hawajui hata kama wana virusi. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto ilianza 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wapimwe damu sasa, kuanzia kwenye zahanati.

Msomaji wako,
Morogoro