Jumamosi: Brutus na Antony mazishini

Asalamu aleikum wapenzi wa jukwaa. Jumamosi baada ya alasiri tukutane Mji wa Kale, baraza ile ile. Njooni na Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969.

Tutasoma mazishi ya Kaizari peke yake. Shakespeare alimwandikia Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, nathari: sentensi zimepimwa, moja inaijibu nyenzake. Huyu anaamini ukiwapa watu sababu, watakuelewa. Kisha apanda jukwaani Antony, rafiki wa Kaizari, naye anasema kwa shairi. Anakatizwa na kilio, anawaonyesha watu matundu ya joho, wasia wa Kaizari anautaja halafu hausomi upesi. Na ile sifa kwamba Brutus ni mtu wa heshima! Anairudia mpaka inageuka tusi, na maneno ni yale yale. Hapo mimi husisimka kila nisomapo. Hakuna anayetuambia nani mnyoofu, nani mjanja, twawasikia wenyewe.

Mnaoandika tamthilia, leteni ukurasa mmoja wa mazungumzo. Tutafunika majina ya wahusika tuone kama tutawajua kwa ndimi zao. Ninyi vijana msione haya, kurasa zenu ndizo ninazozingoja zaidi.

Kahawa naleta mimi. Mwenye kaimati tafadhali aseme mapema.