Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania): Tanga tunaomba kamera ya mawingu

Mheshimiwa Mkurugenzi, salamu kutoka Tanga. Mi ni fundi sola na kamera za ulinzi hapa Ngamiani, naandika hadharani ili na wenzangu wasome. Ombi ni moja, kituo cha hali ya hewa pale uwanja wa ndege kipate kamera ya anga inayojiendesha yenyewe usiku na mchana.

Kwa kawaida mawingu hupimwa kwa macho, mtu anatoka nje, anagawa anga sehemu 8, anakadiria ngapi zimefunikwa. Hao watu nawaheshimu sana, ila usiku usio na mbalamwezi hata mwenye jicho kali anapata tabu, na mvua nyingi za huku zinatoka baharini alfajiri watu wamelala.

Kamera ni lenzi pana ya nyuzi 180 inatazama juu tu. Mchana programu inalinganisha wekundu na ubuluu kwenye picha, anga safi buluu inazidi sana, wingu linatawanya rangi zote karibu sawa, ndo maana tunaliona jeupe au kijivu. Usiku picha moja inapigwa hata sekunde 30, alafu programu inatafuta nyota zinazotakiwa kuwepo saa hiyo, zikikosekana upande fulani basi pana wingu.

Kazi iko kwenye kubadilisha kutoka usiku kwenda mchana, maana ukibaki na mipangilio ya usiku mpaka asubuhi unapata picha nyeupe tupu, kwahiyo naomba isifuate saa ya ukutani, ikokotoe yenyewe jua liko wapi kwa eneo letu, huku nyuzi 5 kusini mwa ikweta jua likizama giza halikawii. Na chumvi ya bahari jamani! Na kunguru wetu! Lile kuba la juu linalofunika lenzi litahitaji mtu wa kulifuta mara kwa mara, hiyo iwekwe kwenye bajeti kabisa.

Picha ziwe wazi kwa wote. Mi nikijua mawingu yanakaa siku ngapi mfululizo, zahanati naifungia betri inayotosha, na mama anayeanika dagaa anaangalia anga la bahari kabla hajamwaga mzigo juani. Kibali kikitoka, nguzo na nyaya nitafunga mwenyewe bila malipo.