Mnatuuliza mwezi upi, wa kalenda au wa angani?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu ila jambo lenyewe, namna miradi inavyopimwa huku mwambaoni, limenikaa moyoni tangu Septemba 2025 na nimeona nikinyamaza sitakuwa nimewatendea haki watu walionikaribisha kwenye vibaraza vyao wakanijibu maswali yangu yote bila kuchoka.

Mimi ni mkazi wa Kibirizi hapa Kigoma, kazi yangu udodosaji. Yani miradi ikija huku kwetu, ya lishe, ya vikoba, ya watoto walio kwenye mazingira magumu, ya kaya maskini, wakitaka kujua hali za watu wanatuchukua sisi vijana wa hapa tunaojua Kiswahili na Kiha, tunapigwa semina siku mbili tatu, tunapewa vishikwambi, tunapanda boti twende tukaulize. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa pia, ile iliyotupa watu milioni 61.7 nchi nzima na huku mkoani kwetu zaidi ya milioni 2.4. Kwahiyo kazi ya kuuliza watu naiheshimu sana na siandiki kuipinga, naandika kwasababu naipenda na nimeona inavyoweza kuwaumiza watu ikifanywa haraka haraka.

Kulikuwa na mradi, jina nauacha, kwenye kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika huku kaskazini ambako hakuna gari, unaenda kwa boti. Walengwa ni akina mama wanaoanika dagaa. Mradi uliwaweka kwenye vikundi, wakafundishwa kuweka hisa na kukopeshana, wakaelekezwa kuanika kwenye chanja badala ya kumwaga dagaa chini kwenye mchanga. Mwenye kujua dagaa anajua tofauti, wa chanja hana mchanga, haukwaruzi meno, na mnunuzi wa kutoka mbali anaupa bei nyingine kabisa. Wale mama walikopa kikobani wakanunua nyavu za kutandika na miti wakajenga chanja zao, nilizishika kwa mikono yangu.

Sasa sikiliza tathmini ilivyokuwa. Takwimu za mwanzo tulikusanya wiki ya kwanza ya Septemba 2024. Za mwisho tukakusanya wiki ya kwanza ya Septemba 2025. Ofisini waliona wamefanya vizuri maana ni mwezi uleule na msimu uleule, huwezi kulinganisha kiangazi na masika ukasema umelinganisha, hapo wako sahihi na nawapongeza, wengine hata hilo hawalifanyagi, nimewahi kufanya kazi ambayo mara ya kwanza tulienda watu wakiwa wanasubiri mahindi shambani na mara ya pili tukaenda wameshavuna, alafu ripoti ikasema njaa imepungua kwa nguvu ya mradi.

Ila mwambao hauendi kwa kalenda ya ukutani. Mvuvi wa dagaa huku anavua usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga wa taa wakiwa kwenye giza, mwezi ukiwaka taa haina kazi kwahiyo vyombo vinapandishwa mchangani watu wanashona nyavu wanapumzika. Ndo maana huku tunahesabu giza na mbalamwezi. Kwenye giza hela inazunguka kijiji kizima, mama ananunua dagaa mabichi kwa ndoo mwaloni, pale vyombo vinapofikia, asubuhi, jua likiwa kali jioni ameshakunja, watoto wanakula mchele, muuza vitenge anapanda boti kuja. Kwenye mbalamwezi kijiji kinanyamaza, hata yule wa maandazi anapunguza unga.

Na mwezi haurudi tarehe ileile mwakani. Waislamu wa Ujiji wanalijua hili bila kufundishwa na mtu, Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, mizunguko 12 haifiki mwaka. Kwahiyo ile wiki ya kwanza ya Septemba 2024 ilikuwa giza tupu, mwezi ulikuwa unaandama tarehe 3, na juu ya hapo ziwa lilikuwa limefunguliwa wiki chache tu baada ya kufungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wamepumzika, mwalo umejaa. Nakumbuka siku ile hatukupata hata pa kupita, kila mahali pameanikwa. Na wiki ya kwanza ya Septemba 2025? Wengi mtakumbuka usiku wa tarehe 7 mwezi ulipatwa ukawa mwekundu kama shaba watu wakatoka nje kuuangalia. Mwezi haupatwi mpaka uwe mpevu. Mimi niliuangalia nikiwa kwenye kijiji hichohicho, nimekaa kwenye kingo ya mtumbwi uliopandishwa mchangani, na mkobani nina kishikwambi chenye majibu ya kaya 9 za siku ile, karibu zote zimejaza sifuri kwenye mauzo.

Maswali yenyewe yanauliza siku 7 zilizopita. Sababu yake nzuri tu, mtu ukimuuliza mbali anasahau au anakadiria, ukimuuliza karibu anakumbuka. Ila ukimuuliza karibu inabidi ujue hiyo karibu imeangukia wapi.

Kuna mama mmoja sitamtaja hata kwa herufi, ni mtu mzima, anaishi na wajukuu watatu. Nilimdodosa mara zote mbili. Ile ya pili nimemkuta anachambua maharage kwenye ungo, chanja yake nyuma iko tupu imefunikwa na turubai. Nikamwamkia, akanipa kigoda, tukaanza. Kabla ya yale ya siku 7 kuna swali linasema mwezi uliopita biashara yako imeingiza shilingi ngapi. Akaacha kuchambua akaniangalia.

"Mwezi upi mwanangu, huu wa kwenye kalenda au ule wa angani?"

Nikamwambia mama wa kalenda. Akasema huo mimi sina hesabu yake, mimi nahesabu giza, giza lililopita nilipata kiasi fulani nikalipa mkopo wa kikoba nikamnunulia huyu mkubwa daftari na viatu, hiki chanja ndo kimenitoa, zamani nilikuwa nauza ya mchanga. Nikatafuta pa kuandika hayo kwenye kishikwambi hapakuwepo. Kilikuwa kinataka tarakimu moja, usipoweka hakikuruhusu kwenda mbele. Nikakadiria nikaweka. Swali la siku 7 akasema hamna, nikaweka sifuri. Swali la chakula, siku ngapi mmekula samaki au nyama, akasema mbili, mwaka wa kwanza alisema saba.

Baadae nikasikia kwa aliyekuwa msimamizi wetu kwamba ripoti imetoka, inasema mauzo ya walengwa yameshuka na mlo umeshuka, na mfadhili hataongeza awamu ya pili. Yule afisa aliyekuwa anapita kwenye vikundi kila wiki mbili hapiti tena. Hakuna aliyerudi kijijini kuwaambia wale mama kwamba mmepimwa na mmeonekana hivi, mnasemaje? Kama wangerudi wakasimama kwenye mkutano wa kijiji wakasoma ile namba kwa sauti, nakuhakikishia Mhariri, isingepita hata dakika moja mtu angenyoosha mkono akasema nyie mlikuja mwezi ukiwa mkubwa. Mtoto wa darasa la nne wa mwambao angewaambia.

Nilimweleza msimamizi tukiwa bado huko. Akasema dodoso limeshaidhinishwa, boti imeshalipiwa, na posho ni za siku 6. Nilinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote, maana mimi ndo nilikuwa najua.

Sasa kuna watu wakisoma hapa watasema basi tuachane na namba tuwaulize tu wenyewe kama mradi umewasaidia. Hapana jamani. Tuliwauliza na hilo swali lipo mwisho wa kila dodoso, na karibu wote walisema umetusaidia sana, ila mimi nimeuliza swali hilo kwenye miradi mingi, mizuri na mibovu, na huwaga wanasema hivohivo, mgeni amekuja na boti kutoka mjini amevaa fulana ya mradi unategemea mtu amwambie hapana? Kwenye semina moja mkufunzi alitusimulia habari ya Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka 1939 walianza mradi wa kuwasaidia watoto wa kiume wasije kuharibika, walikuwa 506, wakawapanga wawili wawili wanaofanana wakarusha shilingi nani apate mshauri wa kumtembelea nyumbani na nani asipate. Miaka 30 baadae mtafiti Joan McCord akawatafuta, akachapisha mwaka 1978. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa, lakini alipolinganisha maisha yao na ya wenzao, waliosaidiwa ndo walikuwa na hali mbaya zaidi kwenye baadhi ya mambo, kuna magonjwa, kuna ulevi, kuna kurudia uhalifu. Habari ile iliniogopesha. Nia njema na shukrani za watu havitoshi, lazima kupima, na lazima kuwe na wa kulinganisha nao.

Na hicho ndicho kilichokosekana kwetu, kijiji cha kulinganisha. Kama siku zilezile wangedodosa pia kijiji cha pili yake ambacho hakina mradi lakini kina mwezi uleule na ziwa lilelile, wangeona huko mauzo yameshuka kiasi gani, pengine yameshuka kuliko kwetu. Hapo ndo ungejua chanja na kikoba vimefanya nini. Mbona nchi hii tumeshafanya, TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, walipojaribu zile ruzuku za kaya maskini kule Bagamoyo, Chamwino na Kibaha walichukua vijiji 80, 40 vikaanza 2010 na 40 havikuanza, kwa bahati nasibu. Watu wanasema ni ukatili kuwaacha wengine, mimi sioni hivyo, hela ilikuwa haitoshi vijiji vyote, na sisi kwenye michezo yetu ya hela si tunapiga kura nani apokee kwanza na hakuna anayenuna.

Na tathmini ile inafundisha jambo jingine nalipenda sana. Walirudi zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza wakakuta kaya zilizopata ruzuku zinaenda zahanati zaidi. Waliporudi baadae wakakuta zinaenda kidogo kuliko wengine. Mtu mwenye haraka angesema mradi umekufa, watu wameacha zahanati, kumbe walikuwa wanaumwa kidogo kuliko zamani na wengi zaidi walikuwa wamejiunga na bima ya CHF, yani Mfuko wa Afya ya Jamii. Namba imeshuka na ni habari njema. Ungejuaje bila kurudi mara ya pili na kuuliza kwanini?

Ninachoomba sio kikubwa. Mashirika na ofisi zinazopanga tathmini za mwambao, kuanzia huku kaskazini mpaka Uvinza, kabla hamjakodi boti ongeeni na viongozi wa mwalo, waulizeni giza linaingia lini na linatoka lini, alafu nusu ya kaya zidodoseni kwenye giza na nusu kwenye mbalamwezi, mara zote mbili. Au ongezeni swali moja tu, giza lililopita uliingiza kiasi gani, na kwenye kila dodoso kishikwambi chenyewe kiandike mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame, hiyo haina gharama yoyote. Wekeni na nafasi ya mdodosaji kuandika maneno, sio tarakimu tu. Sisi wadodosaji tunaonekana kama watu wa kubonyeza, lakini ndo tuliokaa kwenye kigoda tukaona turubai limefunika chanja.

Na kabla ripoti haijaenda kwa mfadhili ije kwanza kijijini, kwa Kiswahili, isomwe. Gharama yake ni boti moja na siku moja. Wale watu wametoa saa nzima nzima za siku zao bure, maswali mengine ya aibu, umelala na njaa mara ngapi, mmeo anakupiga, wamejibu kwasababu waliambiwa majibu yao yataleta mabadiliko. Yameleta kweli, wameondolewa mradi, na hawajui kama ni majibu yao.

Mwezi uliopita (wa kalenda) nilipita tena pale nikiwa na safari zangu binafsi. Yule mama bado anaanika kwenye chanja, amekiongeza urefu. Kikundi bado kinakutana Jumamosi ingawa afisa haji. Aliniuliza yale majibu aliyonipa yalifika. Nikamwambia yalifika mama. Akaniuliza walisemaje. Kama yupo mtu wa ule mradi anayesoma gazeti hili, namba za simu za viongozi wa kikundi mnazo kwenye orodha yenu, mpigieni.

Mdodosaji,
Kibirizi, Kigoma