Mdogo wangu, hili neno enryo usiliachie kamusi peke yake

Mdogo wangu,

Umeniuliza maana ya enryo (遠慮). Umelikuta kwenye maneno ya N3, ile ngazi ya kati ya mtihani wa Kijapani, kamusi yako imesema "kujizuia", basi. Hapo hapo ndipo nilipokwama na mimi.

Mwaka wangu wa kwanza huku Nagoya, Japani, nilipika pilau, nikaenda kumkaribisha jirani, mama mtu mzima. Akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Kyō wa enryo shite okimasu." Nikajua anaona haya tu. Nikafanya kama angefanya mama: karibu, karibu bwana, walau kijiko kimoja. Akazidi kuinama huku akirudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa mlango wake. Kumbe alikuwa ameshakataa. Kwa adabu zote, lakini amekataa: leo, hapana. Uso wake ule bado naukumbuka, na bado unaniuma.

Tazama herufi zenyewe. 遠 ni mbali, 慮 ni kuwaza kwa makini. Neno limetoka Uchina, na katika mafundisho ya Confucius lina maana hiyo hiyo ya asili: asiyewaza ya mbali, hakosi kufikwa na mashaka ya karibu. Wajapani wakalisogeza hadi kwenye kumuwaza mwenzio kabla hujanyoosha mkono. Usilifasiri "soni". Soni inakupata yenyewe. Enryo unaifanya, ndiyo maana wanasema enryo suru, na suru ni kufanya.

Kisha sikiliza nani anasema. Anayejisemea "enryo shimasu" anajitoa. Mwenyeji akikwambia "enryo naku", anakuruhusu: kula, uliza, usijibane. Na kibao cha makumbusho kikiandikwa "shashin satsuei wa go-enryo kudasai", rudisha simu mfukoni. Wameandika kama wanakuomba, lakini maana yake picha hazipigwi. Hili lishike sana, maana hutaona neno lolote la "usi-" pale, na mgeni hudhani ameachiwa hiari.

Wiki iliyofuata yule mama alibisha hodi na mfuko wa karatasi, ndani mikan, yale machungwa madogo ya majira ya baridi yanayomenyeka kwa vidole. Nikaanza kusema ah, mama, ni mengi mno. "Enryo shinaide," akasema, yaani usijizuie, akausukuma mfuko kifuani pangu. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Kaka yako