Mashine ya kunyonya pua, na lile duara jeusi linalobaki

"Dada, 35,000 kwa kufinya pua tu? Mashine Kariakoo 25,000 na inabaki kuwa yangu."

Ujumbe huu uliingia Jumatatu. Mwezi huu nimeshaupata mara nne kwa maneno tofauti, ila huu umeniuma zaidi. Aliyeuandika alikuja saluni kwangu pua imemvimba kwa kunyonywa na hiyo hiyo mashine ya kuvuta vidoti vyeusi, nikamwambia leo sikufanyii fesho, yaani kukusafisha uso. Akaondoka akiamini namzungusha ili nimtoze mara mbili.

Jamani, vile vidoti vyeusi vya puani, yaani chunusi nyeusi, si uchafu. Ni mafuta ya ngozi yaliyoshikana na seli zilizokufa ndani ya kinyweleo, na sehemu ya juu inayokutana na hewa ndiyo inayogeuka nyeusi. Ndiyo maana unasugua kwa sabuni mpaka pua inawaka na vyenyewe vipo palepale. Tena vingi mnavyonionyesha si chunusi nyeusi. Ni vinyuzi vya mafuta vya kijivu ambavyo kila pua inavyo, kwa sababu mafuta ya ngozi yanapitia humo kuja juu. Ukivitoa leo, baada ya wiki chache vimejaa tena. Mashine inakuonyesha ule utando mweupe kwenye kikopo, unaona imefanya kazi, kesho kutwa unarudia, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Ile mashine haichagui kinyweleo. Inavuta kila kilicho chini ya mdomo wake: ngozi, mafuta na vile vimishipa vyembamba vya damu. Chunusi nyeusi iliyokomaa imekaa kama kizibo, na mara nyingi vimishipa hupasuka kabla yenyewe haijatoka. Halafu mtu anaweka namba ya juu kabisa na kuituliza sehemu moja "ivute vizuri". Sekunde chache zinatosha damu ivilie chini ya ngozi. Kwa mtu mweupe, duara linakuwa jekundu au la zambarau, kisha linafifia. Sisi wenye ngozi nyeusi, ngozi ikiumia inamwaga rangi pale ilipoumia. Wekundu ukishaondoka doa jeusi linabaki, na linaweza kukaa miezi.

Mwaka jana aliletwa binti na mama yake mdogo, zimebaki siku tisa afanyiwe sendofu. Madoa matatu ya duara, mawili mashavuni na moja kidevuni. Mpambaji alijitahidi na poda, lakini taa za ukumbini zikayatoa yote kwenye picha. Tulihangaika naye karibu miezi minne, na hela aliyotumia ingemfanyia fesho mara sita. Mwingine alikuwa mama mtu mzima ambaye mkorogo ulikuwa umeshamchuna ngozi ikawa nyembamba. Aliponyonya pembeni ya pua, ngozi ilitoka. Huyo sikumgusa, nilimwelekeza kwa daktari wa ngozi. Ninapokuuliza unapaka nini usiku, sikuchunguzi maisha yako. Najua ngozi ya mkorogo haivumilii kuvutwa, na ya anayetumia dawa kali za chunusi ni vivyo hivyo.

Sasa hiyo 35,000. Unalala kitandani kwangu saa moja na robo. Nakuosha mara mbili, nakufukiza dakika nane. Mvuke haufungui vinyweleo kama mlango, maana havina msuli wa kufunguka. Unalainisha mafuta ili yatoke bila kulazimishwa. Kisha nakaa na taa yenye kioo cha kukuza, glovu mpya, sindano inayotumika mara moja ikatupwa, na kifinyio cha chuma kilichotoka kwenye mashine ya kuulia vijidudu, ambayo inakula LUKU kuliko pasi. Natoa kimoja kimoja. Kikigoma mara mbili nakiacha, hata ukiniambia "dada kamua tu". Najivunia kwamba watu wanaondoka kwangu bila alama.

Na si kila wiki unahitaji kuja. Nyumbani nunua asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya kinyweleo ambako sabuni haifiki. Anza usiku mara mbili au tatu kwa wiki, na asubuhi paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, maana jua hili la Dar linayakoleza madoa. Mafuta ya nazi yaache kwenye nywele kama pua yako inaziba haraka.

Kama mashine umeshainunua, sikwambii uitupe. Weka namba ya chini kabisa, ngozi iwe na majimaji, iteleze bila kusimama, ipite mara moja tu, na isiguse mashavu wala chunusi iliyoiva.

Mteja wangu wa Jumatatu nimempigia simu, tukaongea vizuri. Anakuja Alhamisi na mashine yake nimwonyeshe inavyoshikwa. Hiyo ni bure. Pua yake sitaifinya mpaka uvimbe uishe na ngozi itulie, na siku hiyo atalipa 35,000 mara moja tu.