Mamdogo, lile sinia

Shikamoo Mamdogo. Simu zangu hupokei, lakini najua wanao wanakusomea ninayoandika huku, basi acha niseme humu humu.

Siku ile ulikuwa umekunywa chai ya rangi tu tangu alfajiri. Ukameza kidonge chako, ukaingia kwenye shughuli za mwali. Sinia la pilau lilipokuja, ukakunja mkono wa gauni, ukamega tonge. Mimi ndiye niliyelivuta sinia. Mbele ya wifi zako na wakwe wapya, nikasema kwa sauti: "Huyu ana sukari, mleteeni kachumbari." Ukanawa. Ukasema umeshiba.

Nilikuwa na hesabu yangu ya kliniki, ile ya nusu sahani mboga, robo kitoweo, robo wanga. Kumbe hata hiyo niliivunja, maana robo ya wanga ilikuwa haki yako. Na kidonge kile kinalisukuma kongosho litoe insulini ya kushusha sukari, uwe umekula au hujala. Tuliambiwa. Mimi nilishika la kukataza tu.

Baada ya isha nikakukuta uani nyuma ya mapipa ya maji, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka. Ukaniita kwa jina la mama. Ukaniuliza kama nimeshaanua nguo. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.6, imeshuka mno. Nikakukorogea vijiko vitatu vya sukari, mimi huyu huyu, tukangoja robo saa, ikapanda 4.4, ndipo ukala mkate. Unasema hukumbuki. Mimi siwezi kuanua nguo sasa bila kulisikia jina lile.

Lakini na wewe, Mamdogo! Asali ukaiita dawa. Juisi ya embe ukasema haina sukari ya dukani, kama vile mwili unauliza sukari imetoka wapi. Uji wa lishe bakuli mbili, halafu ukashangaa kuona sukari imepanda 15. Dona nalo: ni kweli linashinda sembe kwa sababu pumba zake zimo, ila mlima wa dona ni mlima vilevile. Kula ugali wa ngumi yako, kisamvu ujaze, samaki usiogope, embe kata kipande ukitafune. Na usipitishe mlo, tafadhali, hata mimi nikisimama mlangoni na kelele zangu.

Unasema nilikuaibisha. Nilikuaibisha. Ila mama alipopata kile kidonda cha kidole cha mguu kwa sukari hii hii, sote tulisema mwacheni ale atakacho, maskini. Wewe ulikuwa ukimletea visheti. Sikulaumu, nami nilivila naye. Lakini aliyeuosha ule mguu mpaka siku wanaukata ni mimi, na harufu yake naijua. Nilipoona tonge mkononi mwako sikuona pilau. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia aseme kwa upole?

Labda ningekunong'oneza. Ningekusogezea nyama na mboga, nikakuachia matonge yako machache. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Ramadhani haiko mbali. Kabla hujanuia kufunga nenda kliniki wakupangie upya hicho kidonge, wala usimsikilize jirani yako. Mashine yako bado iko kwangu, vijiti vyake viliisha usiku ule. Nimenunua kichupa kipya. Nimpe nani akuletee?