Bluu hiyo inaweza kuwa ya maziwa yenyewe

Ndugu Mhariri,

Kipimo cha rangi cha kusaka mabaki ya antibayotiki kingefaa sana kwenye vituo vya kukusanyia maziwa vya Meru na Hai. Ila kikitumiwa ovyo kitawasingizia wafugaji.

Mwaka 2007 watafiti wa China walionyesha kuwa chembechembe ndogo mno za oksidi ya chuma hufanya kazi ya kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Zikichanganywa na haidrojeni peroksidi na kemikali iitwayo TMB, kwenye pH (kipimo cha uchachu) ya 3.5 hivi, maji yasiyo na rangi hugeuka bluu. Kwenye kipimo, chembe huvalishwa uzi mfupi wa DNA unaonasa dawa moja, tuseme oksitetrasaiklini. Dawa ikiwemo, uzi huiacha chembe na kuishika dawa, na kasi ya rangi hubadilika. Kuna vifaa ambavyo bluu kukolea ndiyo dalili ya dawa, na vingine ni kufifia. Asiyesoma maelekezo atamwaga maziwa safi na kupokea yenye dawa.

Shida kubwa ni maziwa yenyewe. Maziwa mabichi yana laktoperoksidesi, kimeng'enya kinachoigeuza TMB bluu bila chembe yoyote. Chemsha sampuli kwanza. Juu ya nyuzi 80 kimeng'enya hicho hufa upesi. (Hiyo ni kwa ajili ya kipimo tu. Wengi huamini kuchemsha husafisha dawa kwenye maziwa ya kunywa, lakini hakusafishi.) Kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, na mafuta nayo huzifunika chembe, bluu ikagoma. Kwa hiyo sampuli hugandishwa kwa asidi, huchujwa, kisha pH hurekebishwa.

Kila mara ziwepo chupa tatu: ya sampuli kamili, ya sampuli isiyotiwa chembe, na ya maziwa ya ng'ombe asiyetibiwa, yaliyotiwa dawa kwa kiasi kinachojulikana. Ya pili ikigeuka bluu, hakuna jibu hapo. Zote zisomwe kwa dakika zilezile, kivulini, maana bluu huendelea kukolea.

Halafu kuna maji yetu. Yale yanayotia meno kahawia yana floridi nyingi, nayo floridi huzichochea mno chembe za oksidi ya seriamu, ambazo baadhi ya vipimo huzitumia badala ya zile za chuma. Vichupa visuuzwe kwa maji yaliyokenekwa, si ya bomba.

Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya vyakula, kwa oksitetrasaiklini kwenye maziwa ni mikrogramu 100 kwa lita, yaani gramu moja kwenye lita 10,000. Penisilini ni 4 tu: gramu moja kwenye lita 250,000. Kifaa kisichoandikwa kinaanza kuona kwenye kiasi gani kisinunuliwe, hata kikiuzwa bei ya kutupa. Na jibu baya lirudiwe kwa sampuli ya pili kabla mfugaji hajanyimwa hela yake.

Wataalamu wa maabara,
Arusha